Naomba ushauri: GPS ya Cessna 206 inapoteza setilaiti ghafla

MrukaNyika:
Wakuu, habari za leo. Ndege ni Cessna 206, umeme wa volti 28, GPS ya kwenye paneli, antena iko juu ya kabini. Setilaiti zinashuka kutoka 9 hadi 3, GPS inatangaza kuwa haijui mahali ilipo, baada ya dakika moja au mbili inarudi yenyewe. Kwenye soketi ya laita kuna chaja ya USB ya tableti, juu ya dashibodi kuna kifaa cha kufuatilia ndege kwa setilaiti, na kwenye kioo cha mbele kuna kamera ndogo. Fundi anashauri tubadilishe antena, na bei yake si ya kubahatisha. Nianzie wapi?

Koneta:
Antena iache kwanza. Mawimbi ya GPS yanatufikia yakiwa takribani dBm -130 (kipimo cha nguvu ya mawimbi), yaani dhaifu mno, chini hata ya kelele ya kawaida ya pokezi lenyewe. Kifaa chochote kinachovujisha kidogo karibu na 1575.42 MHz kinatosha kuyafunika.

Toa ndege nje ya hanga, mbali na mabati. Zima kila kitu isipokuwa GPS, fungua ukurasa wa setilaiti, subiri kama dakika 10, kisha piga picha ya nguzo zote, yaani vile vimistari vinavyoonyesha nguvu ya kila setilaiti. Baada ya hapo washa kifaa kimoja kimoja, kila kimoja dakika 2 au 3. Chaja isiyo na mzigo haisemi kitu, kwa hiyo ichomeke tableti ambayo betri yake imeshuka. Kamera nayo iwe inarekodi; kuwaka tu hakutoshi, maana kelele nyingi hutoka kwenye prosesa na kadi ya kumbukumbu. Nguzo zikishuka, sogeza kifaa mita moja uone kama zinapanda. Rudia injini ikiwa inawaka, kwa sababu betri peke yake inatoa volti 24 hivi na baadhi ya chaja hubadilika tabia zikipata 28.

MrukaNyika:
Asante mkuu. Nisichosema mwanzo: kuna wakati inatokea chaja ikiwa imechomolewa, tukiwa tunaongea na mnara wa kuongozea ndege. Lakini si kwenye kila masafa.

Masafa13:
Hapo una matatizo mawili, usiyachanganye. Hilo la kuchagua masafa ni harmoniki, yaani mawimbi ya ziada kwenye mizidisho ya masafa, za redio ya VHF mnayoongelea na mnara. Zidisha 121.175 mara 13, unapata 1575.275. Zidisha 131.275 mara 12, unapata 1575.3. Zote zinaangukia karibu kabisa na 1575.42 ya GPS.

Masafa ya kupima ni 121.150, 121.175, 121.200, 131.250, 131.275 na 131.300. Omba ruhusa mnarani, bonyeza maiki sekunde 35 kwenye kila moja huku mtu mwingine akitazama nguzo. Zote 6, kwa kila redio iliyomo. Usiguse 121.5, ni masafa ya dharura.

Zikishuka, mshukiwa mkubwa ni ELT, kile kifaa cha kutangaza mahali ndege ilipo ikianguka. Antena yake inapokea nguvu ya VHF, saketi yake inazalisha harmoniki, kisha inazirusha tena. Chomoa kebo ya antena ya ELT, rudia masafa yaliyosumbua. Tatizo likiisha, kuna filta ndogo inayofungwa kwenye kebo hiyo. ELT isipohusika, pima umbali: antena ya GPS na ya VHF ziachane angalau futi 2, yaani sentimita 61.

NyuziMbili:
Naongeza kuhusu kifaa cha kufuatilia ndege, watu wanakisahau. Kama kinatumia mtandao wa setilaiti wa Iridium, kinarusha kati ya 1616 na 1626.5 MHz, jirani kabisa na GPS. Hakirushi muda wote, kinatuma kwa vipindi, ndiyo maana tatizo linaonekana kama la kubahatisha. Linganisha saa za ujumbe wake na saa GPS ilipopotea. Kikiwa chanzo, kisogeze mbali na antena ya paa.

Mzee_Feraiti:
Kuna mtu atakuambia uvishe vipete vya feraiti (vile vya sumaku vya kuzuia kelele) kwenye waya wa chaja. Vinasaidia kupunguza mkwaruzo kwenye VHF. Kwenye 1575 MHz feraiti nyingi za madukani hazifanyi lolote la maana. Tupa chaja, nunua iliyoidhinishwa kwa ndege.

Pia kagua kebo ya antena: iwe RG-400 au RG-142, yenye kinga mbili. Koneta ikiwa na kutu au kinga iliyokatika, kelele ya kabini inaingilia hapohapo, na hata antena mpya haitasaidia.

MrukaNyika:
Na hili likitokea angani?

Koneta:
Chomoa chaja na zima kamera kwanza, halafu badilisha kwenda redio ya pili. Kumbuka setilaiti 4 zinatosha kukuonyesha mahali na kimo, lakini RAIM (GPS kujikagua yenyewe kama inasema kweli) bila msaada wa altimita inataka 5, na kutenga setilaiti iliyoharibika inataka 6. Ramani inaweza kuendelea kuonyesha ndege wakati kukaribia kutua kwa kuongozwa na GPS tayari hakuruhusiwi.

Masafa13:
Na ile kebo ya ELT, andika kwenye karatasi ya kazi kabla ya kuichomoa, irudishwe kabla ndege haijaruka.