Naombeni ushauri: tenzi na sifa zinatugawa kanisani

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ni mwalimu wa kwaya, Igoma, Mwanza. Tangu tununue kinanda na spika, vijana wanataka sifa za kucheza ibada nzima. Wazee wanataka tenzi, tena polepole. Vijana wananisomea Zaburi ya 150, matari na matoazi.

Jumapili iliyopita bibi mmoja, ndiye aliyenifundisha kuimba sauti ya pili nikiwa mdogo, alifunga kitabu chake katikati ya sifa akatoka. Alikaa juu ya jiwe chini ya mwembe mpaka mahubiri yalipoanza. Iliniuma sana.

Mchungaji kaniachia nipange. Ibada mbili sitaki, tutakuwa makanisa mawili. Mliopitia haya, mlianzia wapi? Na kwa bibi niende peke yangu, au na vijana?