"Umri usizidi miaka 35": kigezo halali au ubaguzi?

Mleta mada
Wakuu, tazameni hesabu hii. Kampuni binafsi inatafuta meneja mwenye shahada, uzoefu wa miaka 10, umri usiozidi 35. Aliyemaliza chuo na miaka 24 akaajiriwa papo hapo anaufikisha uzoefu huo akiwa na 34. Aliyesota mtaani miaka miwili keshatupwa nje. Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinautaja umri waziwazi, na kinamlinda hata mwombaji kazi.

Afisa Utumishi
Mkuu, mbona Serikali nayo inaweka ukomo wa miaka 45? Kustaafu kwa lazima ni 60, na pensheni ya PSSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma) inadai michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Ukimwajiri mtu ana 50, anaondoka bila pensheni ya kila mwezi.

Mleta mada
Hapo walau kuna hesabu, ingawa siikubali: mtu wa 50 apewe mkataba wenye kiinua mgongo. Hiyo 35 imesimama juu ya nini? Sheria inaruhusu kutofautisha watu kwa hitaji la msingi la kazi yenyewe. "Tunataka damu changa" si hitaji la kazi. Kama kazi ni kubeba magunia, pima ubebaji, achana na tarehe ya kuzaliwa.

Mdau wa CMA
Wengi wanaoleta malalamiko CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) wanaangukia kwenye ushahidi. Tangazo likifutwa, umebaki na maneno matupu. Lipige picha lote, jina la mwajiri na tarehe vionekane. Ukiulizwa kwenye usaili "umebakiza miaka mingapi kustaafu?" au "utakubali kuongozwa na kijana?", liandike swali siku hiyohiyo, neno kwa neno. Kisha jaza Fomu Na. 1 ya CMA, mpe mwajiri nakala kabla ya kuisajili. Muda wa kuisajili ni siku 60. Zile 30 ni za kuachishwa kazi. Watu wanazichanganya, wanakata tamaa siku ya 35 wakati mlango bado uko wazi. Ukishaonyesha dalili za ubaguzi, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba haukuwepo.

Afisa Utumishi
Sawa, ila mkibana matangazo, umri utaondolewa na mchujo utafanyika kimyakimya kwa kuangalia mwaka wa kumaliza kidato cha nne.

Mdau wa CMA
Basi mwaka huo ufichwe kwa wanaochuja, na alama za kila kigezo ziandikwe kabla maombi hayajafunguliwa. Kifungu hichohicho cha 7 kinamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kuondoa ubaguzi. Ofisini kwako, kaka, mpango huo umesajiliwa?