Nimetenguliwa udereva kwa kushika chupa ya shemeji! Ile baa mnaijua

Wakuu, saa nane usiku hii naandika nikiwa ndani ya gari, mikono inatetemeka, na si pombe. Leo sijagusa hata povu. NARUDIA, HATA POVU.

Ile baa mnaijua. Siitaji, wasije wakanifungia akaunti. Ile ya Kimara yenye mwarobaini katikati na televisheni mbili, moja imepasuka tangu enzi za mkoloni. Tangu Desemba ianze wametundika bango getini: SIKUKUU SALAMA, DEREVA MTEULE ANAKUNYWA SODA BURE. Yaani yule mmoja wa meza asiyegusa pombe ili awarudishe wenzake. Nikasema hatimaye tumekumbukwa sisi tunaobeba walevi miaka yote kama ambulensi, tena mafuta yetu wenyewe.

Nikaenda na mashemeji wanne. Wametoka Mwanza juzi, wameshuka na boksi la samaki na kiu ya mwaka mzima.

Kufika kaunta unaonyesha funguo ya gari, unafungwa utepe wa njano mkononi kama mgonjwa aliyelazwa. Halafu mhudumu anakuinamia: "Kaka, puliza nisikie." Nikampulizia. Akakunja uso, akamgeukia mwenzake: "Kachumbari." Mwenzake AKAANDIKA. Kuna daftari wakuu, mimi nimo humo, mbele ya jina langu pameandikwa kachumbari.

Soda yenyewe ya tangawizi tu, ya moto. Ukiomba ya baridi unaambiwa friji ni la wateja wanaolipa. Nikanyamaza. Nikanywa sita, tumbo likawa linanguruma kama jenereta.

Sasa sikieni. Saa tano na kitu shemeji mkubwa anaenda msalani, ananiambia, "Shem, nishikie hii, inzi wasiingie." Nikashika. Sekunde tatu! Sijainua, sijanusa, nimeshika kama unavyomshikia mtu mtoto. Mara muziki ukakatwa. DJ akavuta maiki, sauti kama anasoma taarifa ya Ikulu:

"Tunawatangazia kuwa uteuzi wa Dereva Mteule wa meza ya mwarobaini UMETENGULIWA kuanzia sasa. Atapangiwa majukumu mengine."

Wakuu. Kicheko kilifika Kibaha. Mchoma nyama aliacha kisu akakaa chini. Bibi wa karanga, ambaye ana miaka kama themanini na huwa hasikii vizuri, ALISIKIA. Atapangiwa majukumu mengine! Mimi! Ambaye nimekunywa tangawizi sita za moto!

Mhudumu akaja na kisu kilekile cha nyama akakata utepe, akaniwekea bili: soda sita kwa 1,500, shilingi 9,000. Shemeji mwenye chupa yake karudi kutoka msalani, kaambiwa, eti naye akacheka. Chupa ni yake!

Njiani trafiki akatusimamisha, nikapuliza kile kifaa chao, sifuri. Afande akanipa mkono. Dola imeniamini, lakini mtu wa kaunta kanitengua. Nyuma mashemeji wanaimba "umetenguliwaaa" kuanzia barabara kuu hadi getini, na mdogo wao sasa ananiita Mheshimiwa Mstaafu. Atapangiwa majukumu mengine. Silali leo.

---

Kisiki cha Mpingo: Poleni sana Mheshimiwa. Umeshakabidhi ofisi?

MamaNjiti: Nimecheka mpaka mtoto kaamka. "Kachumbari", na mwenzake akaandika!!

Kreti Tupu: Chai hii. Haina hata sukari. Picha ya utepe iko wapi?

Mleta uzi: Utepe umekatwa na kisu cha nyama, nimeandika hapo juu! Soma!

Kreti Tupu: Sasa hiyo chupa ulishika kwa mkono gani? Maana kuna kushika na kuna kushika.

Mleta uzi: Wa kushoto. Sekunde TATU.

Kisiki cha Mpingo: Mteule halali hutumia wa kulia. Utenguzi ulifuata taratibu.

Wakili wa Mtaani: Sheria ya barabarani inamvumilia dereva wa gari binafsi mpaka miligramu 80 za pombe kwenye mililita 100 za damu. Ile baa wao wanapima kwa jicho. Wana masharti kuliko polisi.

Toyo Namba Moja: Mimi hiyo ofa siipendi toka mwanzo. Desemba ndiyo mavuno yetu bodaboda, sasa mnanyweshwa soda bure ili mbebane wenyewe? Sisi watoto wetu hawaendi shule Januari? Mtoa mada ametenguliwa, haki imetendeka.

MamaNjiti: Wewe Toyo juzi ulimwangusha kaka yangu mtaroni pale Stop Over.

Toyo Namba Moja: Aliruka mwenyewe dada.

Kamau wa Roysambu: Nyinyi mnalia na mhudumu? Huku Nairobi alcoblow, ile mashine ya polisi ya kupuliza, ilivyorudi Desemba 2013, watu walikuwa wanaona polisi wanawacha gari katikati ya Thika Road, bibi ndani, wanaingia kichakani. Hapo ndio baa zikaanza kuweka madereva wa kukupeleka home na gari yako. Ukiamka asubuhi unapata gari iko, viatu haziko.

Mbongo Leeds: Huku Uingereza Coca-Cola walishawahi kuwa na ofa kama hiyo msimu wa Krismasi kwenye baa, dereva akinunua soda moja alikuwa anapata nyingine bure. Hakuna anayekupulizisha. Ila ni baridi, huli nyama choma, na hakuna anayekucheka kwa sababu hakuna anayeongea na wewe. Heri utenguliwe na watu wako.

Kreti Tupu: Pale mahali mimi nina kesi kubwa kuliko hii. Nilitoa noti ya 10,000, chenji mpaka leo. Mhudumu alisema "nakuja". Ilikuwa Pasaka.

MamaNjiti: Mbona wote tuna chenji pale. Mimi yangu ilikuja kwa pipi na kijiti cha meno.

Mwana wa Kibosho: Na kitimoto chao sasa hivi nusu kilo ni mfupa na limao. Nilikipima nyumbani kwenye mzani wa bucha ya jirani, tukatazamana tu.

Toyo Namba Moja: Nyama yote nzuri imeshapanda basi kwenda Moshi.

Mwana wa Kibosho: Basi lipi? Mimi nahangaikia tiketi ya tarehe 23 wiki ya pili sasa. Kila ofisi wanasema zimeisha, ukitoka nje mpiga debe anazo kumi mfukoni.

Kisiki cha Mpingo: Nenda stendi ya Magufuli saa kumi alfajiri, kaa na begi, jifanye umefiwa.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Nimedhalilishwa mbele ya wakwe!

Mwana wa Kibosho: Mkuu, wewe ulishapangiwa majukumu mengine. Hivi lile basi la Rombo linapita mpaka Tarakea au linaishia Mkuu?

Wakili wa Mtaani: Linaishia Mkuu, mkuu.