"Come with Me" ya mwaka 1998: ukubwa wake umetoka kwenye okestra au kwenye gitaa la zamani?

Mtunga Midundo (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikiusikiliza kwa makini wimbo "Come with Me", ambao Puff Daddy aliutoa mwaka 1998 akishirikiana na Jimmy Page, mpiga gitaa wa bendi ya roki ya Led Zeppelin, kwa ajili ya filamu ya Godzilla iliyoongozwa na Roland Emmerich. Sababu yangu ni ya kikazi. Ninatayarisha wimbo wa kufokafoka wenye fidla na tarumbeta, na kila ninapoziweka ala hizo juu ya mdundo wangu, wimbo unakuwa mzito bila kuwa na nguvu, kama mtu aliyevaa makoti mawili. Katika wimbo huo wa 1998, kinyume chake, okestra na ngoma zinasukumana, na wimbo unazidi kupanda.

Naomba kufahamishwa mambo mawili. La kwanza ni namna ulivyojengwa: je, ukubwa wake unatokana na okestra yenyewe, au na ule mzunguko wa gitaa uliotoka kwenye "Kashmir" ya Led Zeppelin? La pili ni mapokezi yake. Ulifika nafasi ya 4 katika chati ya Billboard Hot 100 nchini Marekani na nafasi ya 2 nchini Uingereza, lakini nikiutaja mbele ya wapenzi wa roki huguna kana kwamba nimemtaja mwizi. Kama mwenye gitaa alikuwapo mwenyewe, wizi uko wapi?

Santuri ya Kale

Mleta mada, swali lako la kwanza lina mtego, kwa sababu linachukulia kwamba okestra ililetwa na watu wa hip-hop. Haikuwa hivyo. "Kashmir", iliyotoka Februari 1975 katika albamu ya santuri mbili iitwayo Physical Graffiti, ilikuwa na ala za nyuzi na za shaba tangu siku ya kwanza. Wapigaji walikodiwa kutoka nje ya bendi, na John Paul Jones, mpiga besi na vinanda wa bendi, akaongeza sauti za melotroni, kinanda cha zama zile ambacho kila kibao chake hucheza utepe uliorekodiwa fidla au ala nyingine. Page na mwimbaji wa bendi, Robert Plant, walipoupiga upya mwaka 1994 kwa ajili ya MTV, walikuwa na wanamuziki wa Misri pamoja na okestra ya London. Kwa hiyo Combs, yaani Puff Daddy, alipofika alikuta nyumba imekwisha kuezekwa, akahamia na vyombo vyake.

Sasa tuitazame nyumba yenyewe, maana jibu la tatizo lako limo humo. Page alizilegeza baadhi ya nyuzi za gitaa lake mpaka zote sita zikalia D-A-D-G-A-D, mkao unaomwezesha mpigaji kuiacha noti ya D ikivuma chini muda wote huku noti nyingine ikipanda juu yake nusu hatua kwa nusu hatua. Sikio linasikia kitu kinachopanda ngazi, na papo hapo linasikia ardhi isiyosogea. Juu ya hayo kuna hesabu: gitaa linahesabu tatu, ngoma ya John Bonham inahesabu nne, na viwili hivyo havikutani tena mpaka zifike hesabu 12. Ngoma inatembea kwa utulivu kana kwamba haina habari na fujo inayoendelea juu yake. Ukiniuliza mimi, ukubwa unaousikia umo katika kutokukutana huko, na ungekuwapo hata kama fidla zote zingenyamazishwa.

Je, okestra inafanya kazi gani basi? Inafuata ngazi ileile ya gitaa. Fidla na tarumbeta hazikuwekwa ili zijaze nafasi iliyobaki wazi. Zimepewa mwendo uleule, kila ala katika kimo chake, hivyo msikilizaji anasikia sentensi moja ikitamkwa na watu wengi. Watayarishaji wengi wa siku hizi hufanya kinyume chake: huchukua fidla kutoka kwenye programu ya kompyuta, wakazinyoosha kwa noti ndefu nyuma ya kila kitu, kama pazia. Pazia halisukumi mtu. Nashuku kwamba koti lako la pili ni hilo.

Kuna pia jambo linalomhusu anayefoka. Beti ya kawaida ya hip-hop ina mistari 16 ya hesabu nne nne, yaani hesabu 64, na 64 haigawanyiki kwa tatu. Ukimpa mchanaji wako mzunguko wowote unaohesabu tatu, beti yake itaisha huku mzunguko ukiwa ndiyo kwanza umepiga hesabu moja ya duru mpya. Mpe mistari 12, ambayo ni hesabu 48, na vyote viwili vitafika mwisho pamoja. Combs mwenyewe si mchanaji mwenye kasi, na hapa udhaifu huo ulimfaa, kwa kuwa sentensi zake fupi za kufoka zinaacha nafasi ambamo gitaa linapumua.

Wakili wa Jioni

Kuhusu neno "wizi", inafaa kukumbuka kwamba mzunguko huu wa gitaa uliwahi kupigwa vita kwa nguvu za sheria. Mchanaji Schoolly D aliutumia mwaka 1988 katika wimbo "Signifying Rapper", wimbo huo ukaingizwa katika filamu ya Bad Lieutenant ya mwaka 1992, mashtaka yakafuata, na matoleo ya baadaye ya filamu yakauondoa. Katikati ya hapo, mwaka 1991, Jaji Kevin Thomas Duffy wa Marekani aliifungua hukumu yake dhidi ya wimbo wa mchanaji Biz Markie kwa amri ya Biblia inayokataza kuiba, na tangu wakati huo kuchukua kipande bila idhini likawa jambo la hatari ya kweli. "Come with Me" ni mtoto wa zama hizo zilizofuata: mwenye mali ameridhia, amepiga gitaa, na majina ya Page, Plant na Bonham yameandikwa miongoni mwa watunzi. Kisheria hakuna wizi hapo.

Ila naomba nimguse mtu mmoja ambaye ninyi nyote mmempita. John Paul Jones, aliyeshughulikia upangaji wa okestra ya mwaka 1975, hayumo katika orodha ya watunzi wa "Kashmir", na kwa sababu hiyo hayumo katika orodha ya watunzi wa wimbo wa 1998 pia. Desturi ya muziki huu humtambua aliyetunga mahadhi na maneno, na aliyezipangia ala kazi zake huonekana kama fundi aliyelipwa akaondoka. Mleta mada, kama kuna mtu anayekuandikia noti za fidla, kubalianeni kwa maandishi kabla ya kuingia studio.

Msikilizaji Mkaidi

Ninaheshimu maelezo ya Santuri ya Kale, lakini nadhani ameyaacha mapokezi yakiwa yamening'inia. Kilichowaudhi watu hakikuwa kutokuwapo kwa idhini. Tazameni yaliyotangulia: mwaka 1997 Combs alikaa wiki 11 kileleni mwa Billboard Hot 100 kwa "I'll Be Missing You", wimbo wa kumwombolezea mchanaji The Notorious B.I.G. uliosimama juu ya gitaa la "Every Breath You Take" ya bendi ya The Police ya mwaka 1983. Wakosoaji walikuwa wamekwisha kumpa jina la mtu anayetembea kwa miguu ya wenzake. Akaja tena na wimbo mwingine ambao kila mwenye umri fulani aliutambua katika sekunde tano za kwanza. Mtu akishapewa jina kama hilo, hata akija na hati ya kumiliki, watu watauliza kwa nini hakutunga chake.

Halafu kuna filamu yenyewe. Wimbo ulipigwa moja kwa moja katika kipindi cha televisheni cha Marekani, Saturday Night Live, tarehe 9 Mei 1998, Page akiwa jukwaani na gitaa lake, na filamu ikatoka tarehe 20 mwezi huohuo. Hapo wimbo ni wimbo, na pia ni bango. Kuna kichekesho ambacho mimi hukipenda sana: Tom Morello wa Rage Against the Machine anapiga katika "Come with Me", na katika albamu ileile ya nyimbo za filamu bendi yake imeweka "No Shelter", wimbo unaoishambulia biashara ya filamu kubwa na kuitaja Godzilla kwa jina. Albamu moja ilimbeba mpiga debe na mpinzani wake, na mpiga gitaa akiwa pande zote mbili.

Hata hivyo mimi siwaungi mkono wanaoguna. Hao wanaodai kwamba roki ilinajisiwa husahau kwamba kundi la hip-hop la Beastie Boys liliifungua albamu yake ya mwaka 1986 kwa ngoma ya Bonham, na hip-hop ikawa imekwisha kuonyesha kwamba ngoma ile ilikuwa yake tangu zamani. Lawama yangu ni ndogo na ni ya aina nyingine: maneno ya Combs hayalingani na mzigo alioubebesha wimbo. Okestra nzima inapanda ngazi, tunasubiri habari kubwa itoke juu, na anayefika juu anatuambia tu kwamba ana hasira. Ndiyo maana nafasi ya 4 na ya 2 hazinishangazi, kwa maana hasira yenye tarumbeta huuzika.

Mtunga Midundo (mleta mada)

Nimewashukuru nyote. Jana usiku nilifuta noti zote ndefu za fidla, nikazipa fidla mwendo uleule wa besi lakini oktavi mbili juu, na nikamwomba mchanaji apunguze beti yake hadi mistari 12. Alilalamika, akaandika upya, na ile mistari minne iliyoondoka haikuwa na kazi. Wimbo umepata miguu. Kilichobaki ni kwamba nimepata wapigaji wanne wa fidla halisi, na katika rekodi ya majaribio wanasikika kana kwamba wanachelewa nyuma ya ngoma, ingawa wao wanaapa kwamba wako sawasawa.

Santuri ya Kale

Wanasema kweli, na wewe pia unasikia kweli. Upinde wa fidla huchukua muda kidogo kabla sauti haijajaa, ilhali ngoma ya mashine inafika yote kwa mara moja. Usiwakaripie. Wape mapigo ya kuhesabia katika vipokea sauti vya masikioni, waombe waanze kila noti kwa upinde mfupi na mkali, na baada ya kurekodi zisogeze fidla mbele kidogo sana kwenye kompyuta mpaka sikio lako, si macho yako kwenye skrini, likubali. Pia angalia sauti za chini: kama una selo na besi na ngoma kubwa zote zikigombania sehemu moja, mwondoe mmoja wao. Mimi ningeanza na selo.