Nilipakua picha ya bure, sasa mteja wangu anadaiwa hela ya hakimiliki. Nifanyeje?

FundiTovuti:
Wakuu habari zenu. Naombeni msaada maana tangu juzi usingizi hauji. Mimi natengeneza tovuti, mwaka jana nilimfanyia mteja mmoja wa mambo ya kilimo, ukurasa wa mbele nikaweka picha ya mikono imeshika mche, udongo umejaa mpaka kwenye kucha, picha nzuri sana. Niliitoa kwenye saiti ya picha za bure na pale paliandikwa kabisa tumia hata kibiashara, sio lazima kumtaja mpiga picha. Sasa mteja kanitumia imeili aliyopata, kampuni inasema inamwakilisha mwenye picha, wameambatanisha skrinishoti ya tovuti na tarehe yake, wanataka alipe ndani ya siku 14 la sivyo wanaenda mahakamani. Nimerudi kule nilikoipakua, ukurasa umefutwa. Na sikuhifadhi ushahidi wowote. Mteja ananiuliza mimi na ana haki ya kuniuliza. Hawa matapeli au nimeingia mkenge kweli?

DadaKodi:
Pole sana mkuu. Kwanza itoe leo hii, na usiishie kuitoa kwenye ukurasa tu, ingia kwenye seva ufute faili lenyewe, maana likibaki linki yake bado inafunguka na roboti zao, yaani programu zinazosaka picha mtandaoni, zinaliona. Ila kuitoa hakufuti madai ya kipindi ilichokaa pale, hilo ulijue.

Halafu usilipe na usikiri kitu bado. Wajibu kwa adabu, waombe waonyeshe picha ni ya nani, ilichapishwa wapi mara ya kwanza, na wao wamepewa mamlaka gani ya kudai. Barua za kimakosa zipo, hata wenye picha wenyewe zinawafikia. Mpiga picha Carol Highsmith wa Marekani alitoa maelfu ya picha zake kwa Maktaba ya Bunge watu wazitumie bure, halafu taasisi yake yeye mwenyewe ikaletewa barua ya kudaiwa dola 120 kwa picha aliyoipiga yeye! Alifungua kesi 2016.

Lakini usitegemee ni utapeli. Saiti hizi yeyote anafungua akaunti anapandisha picha, akipandisha ya wizi basi ile leseni uliyoisoma ni hewa, mtu hawezi kukupa ruhusa ya kitu kisicho chake. Na "sikujua" kwa kawaida haikutoi kwenye kosa, sana sana inapunguza kiasi. Itafute kwenye TinEye, ile saiti unayoipa picha inakuonyesha ilikowahi kutokea mtandaoni, panga matokeo kuanzia ya zamani kabisa.

Lenzi_Moja:
Mimi napiga picha kwa hiyo niko upande wa pili. Picha zangu mbili nimewahi kuzikuta kwenye saiti ya bure kwa jina la mtu nisiyemjua, nililalamika zikatolewa, lakini zilizokuwa zimeshapakuliwa zikabaki zimezagaa kila mahali na inauma, wapakuaji wengi hawana kosa la makusudi ila mimi ndio nimeibiwa.

Kingine, masharti hubadilika. Saiti ya picha za bure ya Unsplash mpaka katikati ya 2017 ilikuwa CC0, yaani mwenye picha anaachia haki zake zote, kisha wakaweka leseni yao wenyewe, wenzao wa Pixabay nao wakaacha CC0 mwaka 2019. Ndiyo maana tarehe uliyopakua ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Na zile leseni za bure za Creative Commons zinazotaka jina la mpiga picha litajwe, usipolitaja jina, leseni inakatika. Toleo la 4.0 la leseni hizo linakupa siku 30 kurekebisha tangu ugundue kosa, matoleo ya nyuma hayana huruma hiyo, na kuna watu wanapandisha picha kwa leseni hizo za zamani kusudi wawinde waliosahau kutaja jina.

Mama_Vipeperushi:
Naongezea tu, hata mpiga picha akiwa halali bado kuna aliyepigwa. Sura ya mtu ukiiweka kwenye tangazo la dawa za ukimwi au la mikopo, yeye hakuridhia hilo, na leseni ya picha haimsemei. Nembo za kampuni vilevile.

FundiTovuti:
Asanteni sana jamani. Nimefuta mpaka faili. TinEye imenipa mrejesho, picha ya zamani kabisa iko kwenye tovuti ya mpiga picha, na yake ni pana, kushoto kuna ndoo na mguu wa mtoto ambavyo kwenye ile niliyopakua havikuwepo. Yaani aliyeipandisha aliikata. Kwa hiyo picha ni ya huyo jamaa kweli. Nimekuta pia nakala ya ukurasa wa saiti ya bure kwenye Wayback Machine, ile hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, leseni inasomeka vizuri na tarehe ipo.

DadaKodi:
Hiyo nakala ni dhahabu, itume kwao pamoja na tarehe uliyoiondoa picha kwenye tovuti, uombe walipishe kiwango cha kawaida cha leseni, sio hicho cha adhabu. Kabla hujatuma mpe mwanasheria aisome. Na mwandikie mwenye picha moja kwa moja pia, umwonyeshe ilikopandishwa.

FundiTovuti:
Naandika sasa hivi. Mteja nimemwambia leseni nitalipa mimi. Nina tovuti nyingine kumi na moja za kupitia usiku huu.