Kikundi cha ukoo: Maombi ya Bibi

*Shangazi (Isevya):* Wanangu, bibi yenu anaingia chumba cha upasuaji kesho saa 3 asubuhi. Mlio Tabora njooni kwangu leo saa 2 usiku tusali Rozari. Leo Alhamisi ni Matendo ya Mwanga, tunatafakari maisha ya Yesu tangu ubatizo wake.

*Kaka (Ujiji):* Shikamoo shangazi, pole kwa kuuguza. Nitamwombea nikiwa huku. Ila mimi sala za kurudiarudia zinanipa shida. Mathayo 6:7, Yesu anasema tusipayuke-payuke. Mungu anataka ya moyoni.

*Shangazi:* Marahaba. Soma na mstari wa 9, ndipo alipotupa Baba Yetu. Halafu nenda 26:44, kule Gethsemane: aliomba mara ya tatu "akisema maneno yale yale". Mwanangu, usiku ule kaka yangu anakata roho sikuwa na neno langu hata moja. Vidole vilipita punje kwa punje, Salamu Maria ikanibeba mpaka asubuhi. Hiyo nayo ilikuwa ya moyoni.

*Kaka:* Hapo umenigusa. Lakini mimi bila kufunga mlango na kumlilia Mungu kwa sauti naona sijaomba.

*Dada (Nzega):* Mimi ni kimya tu. Nachukua zaburi moja, nasoma polepole, neno likinishika nakaa nalo hapo hapo. Watawa wanasali hivyo tangu karne na karne.

*Baba Mdogo (Urambo):* Tusivutane, mgonjwa ni mmoja. Sisi wa Kanisa la Moravian tunakumbuka wenzetu wa Herrnhut, Ujerumani, Agosti 1727. Wanaume 24 na wanawake 24 waligawana saa, usiku na mchana, maombi yasikatike. Yalidumu zaidi ya miaka 100! Na sisi tugawane kuanzia saa 2 leo mpaka mama atoke. Kila mtu na namna yake.

*Shangazi:* Naafiki. Saa 2 ni yetu wa Rozari.

*Kaka:* Saa 9 usiku niachieni, nimezoea mkesha.

*Dada:* Saa 11 alfajiri, Zaburi 121.

*Mama (hospitali):* Wifi, nimemsomea yote. Ametikisa kichwa kila mlipotajwa. Anasema asanteni, ila ile saa 3 yenyewe mtu amshikie, maana atakuwa kwenye dawa ya usingizi na hataweza kujiombea.

*Kaka:* Saa 3 naichukua mimi, kazini nitaomba ruhusa. Saa 10 alfajiri nani ananipokea?