Acheni kuagiza 777: ruhusa za folda za pamoja hazitengenezwi kwa kumfungulia kila mtu

Wakuu,

Naandika nikiwa na hasira, na naamini nina haki nayo. Ofisi yetu ni ya uchapaji wa vitabu: wahariri na mhasibu wanatumia Windows, wasanifu wa kurasa wanatumia Mac, na kazi zote zinakaa kwenye seva ya Linux inayogawa folda kwa Samba, programu inayowezesha Windows na Mac kutumia mafaili ya Linux kupitia mtandao. Tulilipa kampuni itusimikie seva hiyo. Wahariri walipoanza kulalamika kwamba wanaweza kufungua maandishi ya wenzao lakini hawawezi kuyahifadhi baada ya kuyasahihisha, fundi wa kampuni hiyo aliingia kwenye seva, akaandika chmod -R 777, yaani amri inayomruhusu kila mtu kusoma, kuandika na kuendesha kila kilichomo, kuanzia folda ya juu kabisa, akatutangazia kuwa tatizo limekwisha. Kesho yake malalamiko yakarudi yale yale, naye akaja kuandika amri ile ile.

Nilipotafuta msaada humu jukwaani nikakuta ushauri huo huo umejaa, uzi baada ya uzi, ukitolewa kwa kujiamini kabisa: weka 777, mambo yataenda. Hayaendi. Tena kwa watu wanaotumia Samba hayaendi hata kwa siku mbili mfululizo, na sababu yake si siri.

Amri ya chmod hugusa mafaili yaliyopo wakati inapotolewa, basi. Faili litakaloundwa dakika moja baadaye kutoka kwenye kompyuta ya Windows litapangiwa ruhusa na Samba kwa kufuata smb.conf, faili lake la mipangilio, na pale ambapo hakuna aliyeandika chochote, create mask (ukomo wa ruhusa za faili jipya) huwa 0744 na directory mask (ukomo wa ruhusa za folda mpya) huwa 0755. Maana yake ni kwamba aliyeunda faili anasoma na kuandika, ilhali wenzake wa kikundi kimoja wanasoma tu. Ndiyo sababu mhariri mmoja huhifadhi sura ya kitabu asubuhi na mwenzake akakataliwa mchana. Wala msidhani kuwa mafaili ya zamani yamesalimika, kwa sababu Word, unapohifadhi, kwa kawaida huandika faili jipya la muda kisha hulipa jina la lile la kwanza ili lishike nafasi yake. Kwa seva hilo ni faili jipya, lenye mmiliki mpya, na mara nyingi lenye ruhusa mpya. Kwa hiyo kila anayefanya kazi anaifuta 777 ya fundi bila kujua, faili moja baada ya jingine, mpaka ofisi nzima inarudi ilikokuwa.

Tiba ilikuwa mistari michache. Wahariri wawekwe kwenye kikundi kimoja. Folda ya kazi ikabidhiwe kikundi hicho kwa ruhusa 2770 (mmiliki na kikundi wana ruhusa zote, wengine hawana yoyote), ambapo ile 2 ya mbele inahakikisha kila kinachozaliwa ndani kinarithi kikundi cha folda badala ya kikundi cha aliyekiunda. Kisha kwenye smb.conf create mask iwe 0660 na directory mask iwe 2770. Mafaili yaliyokwisha kuharibika yanasahihishwa mara moja tu. Kwa upande wa Mac kuna jambo moja la ziada ambalo limetutesa sana: pale moduli ya fruit, nyongeza ya Samba kwa ajili ya Mac, inapotumika, Mac inaruhusiwa kubadilisha yenyewe ruhusa za Unix za faili inaloliweka kwenye seva, hivyo wasanifu wakaendelea kuzalisha mafaili ya 0644, ambayo wenzao wanayasoma tu, hata baada ya mipangilio mingine yote kukaa sawa. Mstari wa fruit:nfs_aces = no ndio uliomaliza shida hiyo.

Hasira yangu nyingine inawahusu waliotengeneza mifumo endeshi hii. Windows inamwambia mtumiaji kwamba hana ruhusa, na inaishia hapo. Haisemi ni nani aliyemkataa. Huenda ni Samba, kwa kuwa folda yake ya pamoja huwa ya kusoma tu mpaka uandike vinginevyo. Huenda ni Linux, kwa sababu folda moja iliyo juu, ambayo hakuna anayeikumbuka, haina ruhusa ya kupitia. Amri ya namei -l huonyesha folda zote za njia hiyo kwa mara moja, na sijamwona fundi hata mmoja akiitumia. Huenda tatizo ni kompyuta ya mtumiaji yenyewe, ambayo bado imeshikilia jina la mtu aliyeingia jana, kwani Windows haikubali kuungana na seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja na hutoa kosa namba 1219. Na kwenye Fedora au AlmaLinux huenda aliyekataa ni SELinux, ulinzi wa ziada ndani ya Linux, ambayo haijali kabisa kama umeweka 777, kwa kuwa inaangalia lebo ya folda, na folda ya kugawiwa kwa Samba inatakiwa iwe na samba_share_t. Hata Windows inapokuwa ndiyo seva mambo ni yale yale: ruhusa za NTFS, yaani za mafaili yenyewe kwenye diski, zinaweza kuwa kamili, lakini ruhusa za folda ya pamoja zikiachwa zilivyokuja, yaani kila mtu asome tu, anayeingia kupitia mtandao atabaki msomaji.

Katika hali hizo zote, 777 haionyeshi kizuizi kiko wapi. Inaondoa kizuizi kimoja ambacho pengine hakikuwa na kosa lolote.

Na madhara yake ni makubwa. Folda ya mhasibu ilikuwa ndani ya folda ile ile ya juu, kwa hiyo jedwali la mishahara na nakala za mikataba ya waandishi vikawa wazi kwa kila mwenye akaunti kwenye seva, wakati Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tuzilinde. Amri hiyo ilipita pia kwenye folda za nyumbani za watumiaji, na OpenSSH, programu ya kuingilia seva kutoka mbali, ambayo kwa usalama hukataa funguo zilizo kwenye folda inayoandikika na kila mtu, ikatufungia nje ya seva yetu wenyewe. Hakuna njia ya kuirudisha hali ya mwanzo, kwa sababu ruhusa za awali hazikuandikwa popote. Kama fundi angetanguliza getfacl -R, amri ya kuorodhesha ruhusa zilizopo, na kuhifadhi matokeo yake kwenye faili moja, setfacl --restore ingezirejesha zote. Hakufanya hivyo, na barua tuliyoiandikia kampuni hiyo kuuliza kila folda ilikuwaje kabla ya amri yao haijajibiwa.

Kuna pia wanaoshauri kuwasha SMB1, toleo la kwanza la itifaki ya kugawa mafaili inayotumiwa na Windows na Samba, ili kompyuta za zamani zionekane. Hilo ni baya zaidi. Programu hasidi ya WannaCry ilisambaa duniani Mei 2017 kupitia tundu la itifaki hiyo, ikasimamisha kazi katika hospitali za Uingereza, na Samba yenyewe tangu toleo la 4.11 la mwaka 2019 haiikubali mpaka uilazimishe.

Ninaomba wasimamizi wa jukwaa waweke onyo chini ya kila jibu linaloagiza chmod -R 777 kwenye seva ya watu wengi. Anayeomba msaada alete matokeo ya testparm -s (mipangilio ya Samba), ya namei -l kwa njia nzima hadi kwenye faili linalokataa, na ya id (vikundi vyake) kwa jina la mtumiaji anayekataliwa, pamoja na sehemu ya logi ya Samba ya dakika ile aliyokataliwa. Anayejibu kabla ya kuviona hivyo vyote aeleze kwanza ni nani kati ya Windows, Samba, Linux na SELinux aliyemkataa mtumiaji huyo, na amejuaje.